Buti la Kuvulika kwa Kidonda cha Kisukari: Tathmini Baada ya Wiki 19 za Kulivaa Mikindani

Buti ninalolitolea maoni hapa ni lile refu linalofika chini kidogo ya goti, lenye ganda la plastiki ngumu pande zote mbili, soli nene iliyopinda kama tumbo la mtumbwi, na mikanda mitano ya kunasa ambayo mgonjwa huifunga na kuifungua mwenyewe. Nililivaa mguu wa kulia tangu mwanzoni mwa Novemba hadi katikati ya Machi, jumla ya wiki 19, kwa sababu ya kidonda kilichotokea chini ya unyayo, pale dole gumba linapoanzia. Kidonda kimefunga, na dole langu ninalo. Hata hivyo, katika wiki 4 za mwanzo buti hilihili, likiwa jipya na zima, halikunisaidia karibu chochote. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, kwa kuwa sikuikuta kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja nalo, wala muuzaji hakunieleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeishi na kisukari kwa miaka 16, na nina shamba la mikorosho upande wa Naliendele, hapa Mtwara. Mwishoni mwa Septemba, msimu wa kuokota korosho ulipoanza, nilishinda shambani siku 3 mfululizo nikiwa nimevaa katambuga, na sikusikia maumivu yoyote. Jioni ya siku ya tatu mke wangu aliona madoa mekundu kwenye sakafu ya saruji, moja baada ya jingine kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu, yakiwa yamepishana kwa umbali uleule, akadhani kuna kuku aliyejeruhiwa ameingia ndani. Alipoyafuata ndipo akafika mguuni kwangu. Chini ya sugu iliyokuwa hapo kwa miaka mingi, ambayo nilikuwa nikiiona kama kinga, ngozi ilikuwa imepasuka na ndani yake mlikuwa na shimo lenye ukubwa wa shilingi.

Kliniki, muuguzi aliniambia nifumbe macho, kisha akanigusa unyayo sehemu mbalimbali kwa uzi wa nailoni ambao hujipinda unapobanwa kwa uzito wa gramu 10, akitaka nimwambie kila ninapohisi. Nilikaa kimya nikingoja aanze, naye alikuwa ameshamaliza. Alinieleza kwamba sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu imeifisha ganzi mishipa ya fahamu ya miguu, na kwamba mguu usiohisi humkanyagia mtu mahali palepale kila siku bila kumwonya. Mwenye mguu mzima akipata malengelenge huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakomponya, kwa sababu hukwepa kukanyaga palipoumia. Mimi sikuwa na wa kuniambia nichechemee.

Jambo hili si geni kwa watu wa rika langu huku kusini, maana tuliwaona wagonjwa wa ukoma walivyokuwa wakipoteza vidole vya miguu, na wengi tuliamini kwamba ukoma wenyewe ndio uliokuwa ukivila. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefika Vellore nchini India mwaka 1946 na baadaye akawahudumia watu hao, alikuja kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara yale yalitokana na mguu uliokufa ganzi kuendelea kutembelewa ukiwa na jeraha, na kwamba ukipumzishwa ndani ya plasta ngumu jeraha hupona kama la mtu mwingine yeyote. Baadaye alihamia hospitali ya ukoma ya Carville nchini Marekani, na elimu hiyo ikavushwa kutoka kwa wenye ukoma ikawafikia wenye kisukari. Kwa hiyo buti la plastiki ninalolizungumzia ni mjukuu wa ile plasta, na ni ndugu wa makubazi ya sponji waliyokuwa wakipewa wagonjwa wa ukoma hapa nchini.

Kazi yake ni moja tu: kuuondoa uzito wa mwili juu ya kidonda na kuugawa kwingine. Soli iliyopinda humfanya mtu asonge mbele kwa kubingirika, bila kukunja wayo, hivyo ile hatua ya mwisho ambapo mwili wote hulalia chini ya dole gumba inapungua nguvu. Kifundo cha mguu kinashikwa kisikunjike, na ganda linaloukumbatia muundi na shavu la mguu huchukua sehemu ya uzito ambao ungeshuka hadi unyayoni. Ndiyo maana urefu wa buti una maana, na ndiyo maana mtu akilegeza mikanda ya juu kwa sababu ya joto, kama nilivyofanya siku za mwanzo, analigeuza kuwa kiatu kizito kisicho na faida aliyoilipia.

Kulipata kulinisumbua. Nililiagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam ambalo sitalitaja, kwa fedha ambazo zingetosha kununua baiskeli mpya, likaja kwa basi baada ya siku 4 likiwa la saizi kubwa kuliko ile niliyoitaja. Kwa kutojua, nililivaa hivyohivyo kwa siku 2 nikijaza nafasi kwa matambaa. Kisigino kilikuwa kikipanda na kushuka ndani kila hatua, na ukingo wa ganda ukanichubua muundi, jeraha la pili ambalo pia sikulisikia bali niliona limeshikana na soksi. Muuzaji alikataa kwanza kulirudisha kwa hoja kwamba limeshavaliwa. Akakubali baada ya barua ya kliniki, na kazi hiyo yote ikachukua karibu wiki 3 ambazo nilizipitisha kwa magongo na kitanda. Anayenunua kifaa cha namna hii apimwe kwanza mguu na mtaalamu, urefu wa wayo na unene wa shavu la mguu, wakati wa jioni ambapo mguu umevimba, na asikubali kuambiwa kwamba saizi hizi zote ni sawasawa. Wataalamu wa viungo bandia wanaosomea kazi hii pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1981, wamesambaa katika hospitali nyingi nchini. Inafaa kumtafuta mmoja hata kama ni kwa safari, kwa sababu wanajua kukata sponji ya ndani na kunyoosha ganda kwa moto, mambo ambayo muuza duka hayajui.

Buti la saizi sahihi lilipofika nilikutana na tatizo ambalo sikulitarajia: mguu wa kulia ulikuwa umepanda juu ya wa kushoto kwa unene wa vidole viwili. Siku ya tatu nyonga ya kushoto iliniuma kiasi cha kuomba nishikwe nikiinuka. Muuguzi aliniambia nisivumilie, kwa kuwa mguu wa pili ukianza kubeba mzigo kwa upande unaweza nao kufanya kidonda, na mzee anayeyumba anaweza kuanguka akavunjika. Nilimpelekea fundi wa katambuga kiatu changu cha kushoto pamoja na buti, akaviweka juu ya ubao, akapima kwa kipande cha mpira wa tairi mara ya kwanza, akakitupa kwa sababu ni kizito, kisha akabandika tabaka 3 za sponji ngumu chini ya soli, akazichonga kwa kisu zikawa zimepinda kidogo mbele kama soli ya buti. Alinitoza fedha ndogo sana. Ni kazi nzuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya matibabu yangu, na nyonga haikuuma tena.

Kuhusu hali ya hewa yetu, sina budi kusema ukweli kwamba buti hili halikutengenezwa kwa ajili ya pwani ya kusini. Novemba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, jasho lilikuwa likilowesha sponji ya ndani ifikapo saa 6 mchana, na nilihitaji soksi ndefu za pamba jozi 3 kwa siku. Mchanga wa Mikindani ni laini na huingia kila mahali. Unakaa kwenye meno ya mikanda ya kunasa mpaka yanapoteza nguvu, na mke wangu akawa anayasafisha kila Ijumaa kwa mswaki mkavu. Jambo la hatari zaidi ni mchanga unaoingia ndani, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hauwezi kuutambua, na chembe moja ya kokoto huweza kutoboa kidonda kipya. Kila nilipolivaa, nililipindua, nikaligonga, kisha nikapitisha mkono ndani hadi mwisho, nikipapasa kwa vidole ambavyo, namshukuru Mungu, bado vinahisi. Januari mvua ilinikuta njiani, sponji ikalowa, nayo ilichukua siku 2 kukauka kivulini. Siku hizo 2 nilikaa kitandani kwa kuwa sikuwa na sponji ya akiba, na duka halikuwa likiuza sponji peke yake bila buti zima. Hiyo ni kasoro kubwa ya huduma, na mnunuzi aulize kabla hajatoa fedha.

Sasa nirudi kwenye zile wiki 4 za mwanzo. Muuguzi alikuwa akiweka nailoni angavu juu ya kidonda na kuchora mzingo wake kwa kalamu ya wino. Siku nilipoanza kulivaa buti kidonda kilikuwa na urefu wa milimita 22 na upana wa 17; baada ya wiki 4 kilikuwa 21 kwa 16. Alikuwa akikisafisha na kunyoa sugu pembezoni kwa kisu kidogo kila wiki, sukari yangu ilikuwa imeshuka, na usaha wa awali ulikuwa umekwisha kwa dawa. Aliiweka michoro miwili pamoja mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mwalimu, nyumbani unavaa nini?"

"Nyumbani sivai kitu, mwanangu. Nani anayeingia ndani na viatu?"

Hakunilaumu. Aliniomba tu nihesabu hatua zangu kwa siku moja, za ndani na za nje, na nimletee. Nilihesabu kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kuita mahudhurio. Kutoka kitandani hadi chooni, ambacho kipo uani, ni hatua 34, na mtu mwenye kisukari huenda huko usiku zaidi ya mara moja. Chumbani hadi barazani, barazani hadi jikoni, kuchukua maji ya udhu, kumwangalia mbuzi, kurudi kuchukua miwani: jioni nilikuta hatua zaidi ya 900 ndani ya ua wangu, zote peku au kwa ndala. Nje ya nyumba, siku hiyohiyo, nilikuwa nimetembea hatua zisizofika 400, kwa sababu nilikwenda mjini kwa bajaji na nikaketi kwenye kikao cha chama cha msingi muda wote. Kumbe buti nilikuwa nikilivalia kuketi, na kidonda nilikuwa nikikitembelea.

Nilipompelekea hesabu hiyo alinieleza kwamba tatizo hili halikuanzia Mikindani. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwafungia wagonjwa 20 wenye kidonda kama changu vifaa vya kuhesabu hatua, kimoja mwilini na kingine ndani ya buti, na wakakuta kwamba asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku waliufanya wakiwa wamevaa buti. Miaka 2 kabla ya hapo, utafiti mwingine huko huko ulikuwa umelinganisha njia 3 kwa wagonjwa 63: kwa muda wa wiki 12 walipona karibu asilimia 90 ya waliofungwa plasta ngumu isiyovulika, asilimia 65 ya waliovaa buti la kuvulika, na asilimia 58 ya waliovaa kiatu nusu, kile cha kukanyagia kisigino tu. Mtu anaweza kudhani kwamba plasta ina ubora wa kipekee kuliko buti, lakini mwaka 2005 watafiti haohao walichukua buti lilelile la kuvulika, nusu ya wagonjwa wakaliacha lilivyo na nusu wakalizungushia bandeji inayogandana ili lisivulike, na matokeo yakawa asilimia 52 kwa wale wa kwanza na 83 kwa wale wa pili. Buti lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uwezo wa kulivua.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa mguu wa kisukari, ule wa mwaka 2023 ukiwemo, unataka kidonda cha chini ya wayo kilichotokana na ganzi kianze kutibiwa kwa kifaa kirefu kisichovulika, na buti la kuvulika liwe chaguo la pili. Nilimuuliza muuguzi kwa nini basi mimi sikuanzishiwa plasta, ile ambayo wengi huiita POP. Alinijibu kwamba kidonda changu kilipofika kilikuwa na usaha na mapigo ya damu mguuni yalikuwa hafifu kidogo, na mambo hayo mawili yakikutana ni lazima kidonda kifunguliwe na kutazamwa mara kwa mara. Kukifungia ndani ya plasta kwa wiki nzima, kwa mgonjwa asiyehisi maumivu na anayeishi mbali na hospitali, ni kumweka kwenye hatari ya kugundua uozo kwa harufu. Huo ndio uzuri wa kweli wa buti la kuvulika, na nisingependa asomaye adhani ninalidharau. Liliniwezesha kubadilishiwa bandeji kila siku 2, kukagua muundi, kuosha mguu, na kulala bila uzito wa kilo nzima na zaidi mguuni. Ila uhuru huo una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba zetu ndiko mafunzo ya watu wa mbali yasikofika. Kwetu viatu huvuliwa kizingitini, na mtoto anayeingia na viatu mkekani hukemewa kabla hajasalimia. Nilipomwambia mke wangu kwamba nitaanza kuingia na buti hadi chumbani, alinyamaza, akaenda kushona mfuko wa kitambaa cha turubai jepesi wenye kamba ya kukaza, unaovishwa soli ya buti mlangoni na kuvuliwa mtu akitoka. Alishona miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa msikitini. Kwa imamu nilikwenda mwenyewe nikiwa na aibu, naye akanipokea vizuri sana: akaniambia nisali nimeketi kitini nikiwa na buti lenye mfuko safi, na kuhusu udhu nioshe palipo pazima, nipanguse maji juu ya bandeji, kisha nitayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Kiti changu kiliwekwa mwisho wa safu ya mbele, na hakuna aliyeniuliza neno.

Choo kilikuwa kigumu zaidi, na ninalisema waziwazi kwa kuwa ninaamini kimewashinda wengi kimyakimya. Buti linalofunga kifundo cha mguu halimruhusu mtu kuchuchumaa. Mwenye choo cha kuchuchumaa, yaani wengi wetu, atalivua buti mlangoni mwa choo, atakanyaga saruji yenye maji kwa mguu wenye kidonda, na atafanya hivyo mara kadhaa kila siku bila kumwambia daktari, kwa sababu daktari hamuulizi. Seremala jirani alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya choo, na usiku nikawa ninatumia ndoo yenye mfuniko pembeni mwa kitanda ili nisitembee kabisa. Laiti kliniki zingekuwa zinampa kila mgonjwa buti pamoja na swali kuhusu choo chake, nadhani vidonda vingi vingepungua.

Jambo la mwisho lilikuwa wazo la mke wangu. Muuguzi alikuwa amependekeza kulizungushia buti bandeji inayogandana, kama wale wa mwaka 2005, ila tukakubaliana lisifungwe kabisa mpaka mapigo ya mguu yawe mazuri zaidi. Mke wangu alisikiliza, na kesho yake asubuhi, nilipomaliza kufunga mikanda, alibandika kipande cha plasta ya karatasi juu ya mkanda wa kwanza na mwingine juu ya wa mwisho, akaandika juu yake tarehe na saa kwa kalamu, mwandiko ukipita kutoka kwenye plasta hadi kwenye ganda la buti. Plasta hiyo mtu yeyote angeweza kuichana kwa kidole. Palipokuwa na haja ya kweli haikunizuia. Lakini mwandiko ukichanika hauunganiki tena. Jioni nilipopanda kitandani aliitazama, akaichana mwenyewe, akalivua buti na kukagua mguu kwa tochi. Katika wiki 11 zilizofuata plasta ilichanika kabla ya wakati mara 3, na mara zote tulijua kwa nini.

Wiki ya 8 kidonda kilikuwa milimita 13 kwa 9. Wiki ya 12 kilikuwa kama punje ya choroko. Wiki ya 15, katikati ya Februari, muuguzi alikinyoa sugu jembamba lililokuwa juu yake akakuta ngozi ya waridi chini, kavu, na akaniagiza nirudi baada ya siku 14 ili kuhakikisha haikufunguka. Buti niliendelea kulivaa wiki 4 zaidi kwa kuwa ngozi mpya ni dhaifu. Kama ningeanza hivyo tangu siku ya kwanza, ninaamini ningeokoa mwezi mzima.

Nitaje kwa kifupi aina nyingine, maana duka linaziuza pamoja. Kiatu nusu, chenye soli nene nyuma na kisicho na kitu mbele ili mtu akanyagie kisigino tu, nilikijaribu kwa ruhusa ya mgonjwa mwenzangu. Ni chepesi na cha bei ndogo, lakini kwenye mchanga kinazama na kwenye ngazi za kivuko cha Msangamkuu kingeniangusha. Mzee asiyehisi miguu asikichukue bila mkongojo na mtu wa kumshika. Buti fupi linaloishia juu ya kifundo linaingia chooni na kwenye bajaji kwa urahisi zaidi, na kwa mtu ambaye hakika hatalivaa refu huenda likamfaa, kwani linalovaliwa linashinda linaloachwa mlangoni. Wanaoendesha pikipiki wasijaribu kukanyagia breki kwa mguu wenye buti la aina yoyote. Na palipo na uvimbe, wekundu unaopanda, joto, harufu au homa, hakuna buti linalotibu. Ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuna kinachouma.

Baada ya kidonda kufunga nilikuwa na hamu ya kurudi kwenye katambuga zangu. Nilielezwa kwamba kati ya watu 10 waliopona kidonda kama hiki, takribani 4 hukipata tena ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ganzi ipo palepale na mifupa inakandamiza palepale. Fundi yule yule aliyeinua kiatu changu cha kushoto amenishonea makubazi yaliyofunikwa vidole, yenye sponji laini ndani na soli ngumu iliyopinda chini, kwa kipimo alichochora muuguzi. Hayo ndiyo ninayovaa ndani na nje, kila moja na mfuko wake. Kila jioni mke wangu bado huchukua tochi.

Buti lenyewe lilibaki na ganda zima, mikanda 4 yenye nguvu na mmoja uliochoka ambao fundi ameubadilisha. Sponji ya ndani tuliichoma, kwa kuwa imenyonya jasho na damu na imeshika umbo la mguu wangu, na mtu mwingine akiivaa ingembana pasipomfaa. Ganda tulilisafisha kwa sabuni na dawa, tukalianika, nikalipeleka kliniki. Mwezi uliopita muuguzi alimpimia mvuvi mmoja wa hapa Mikindani, likamkaa, na sponji mpya ikapatikana kwa mtaalamu wa viungo bandia. Mke wangu alimpelekea mke wa yule mvuvi mfuko mmoja wa turubai, roli la plasta ya karatasi lililobaki, na kalamu.